Dilei Inayofifia Ndiyo Tamu!

Wewe mpiga solo unayeambiwa dijitali ndiyo mpango mzima, hebu sikiliza kwanza. Mie nilikuwa na hela ya pedeli moja tu, ya kudunduliza kwa harusi za Ujiji, na kiongozi wa bendi alishasema: sauti isipojaa, solo anapewa mwingine.

Nikachukua ya analogi, MXR Carbon Copy, iliyotoka 2008. Chipu za namna yake zilibuniwa Philips mwaka 1969. Zinapokezana sauti kama watu wanaopokezana ndoo za maji pale ziwani: kila mkono, kidogo kinamwagika. Basi mwangwi unarudi laini, umefifia, haugombani na noti mpya. Nyingi za dijitali zinarudisha sauti kavu kavu, na sebene ikikolea inakuwa fujo tupu!

Nobu ni tatu. Muda, mwisho milisekunde 600; mie naweka nusu. Marudio, mawili yatosha. Ukizidisha inapiga ukelele yenyewe (raha, ila si mbele ya bibi harusi). Mchanganyo, chini ya nusu.

Solo bado ni yangu. Na umeme ukikatika, pedeli ina betri ya volti 9. Amplifaya sasa, jamani!