Deni Lililomo Kisandukuni

Ahadi ni deni. Maneno haya hapana asiyeyajua miongoni mwetu. Walakini aghalabu huyasema mtu anapodai, na huyasahau anapodaiwa. Leo napenda kuzungumza na wasomaji juu ya deni moja geni, ambalo mdai wake hajijui kuwa ni mdai. Limo ndani ya kile kisanduku chenye taa ndogo kinacholeta intaneti nyumbani, limo katika televisheni ya sebuleni, na limo katika kamera iliyotundikwa juu ya mlango. Mdaiwa ni yule aliyekitengeneza chombo na kukiuza. Na mdai ni mimi na wewe tulionunua.

Yafaa kwanza tulijue deni lenyewe. Kila chombo cha namna hii huendeshwa na programu. Programu huandikwa na mtu kwa maneno na alama ambazo mtu mwingine mwenye elimu hiyo aweza kuzisoma; maandishi hayo ndiyo asili yake, nayo huitwa msimbo chanzo. Kisha maandishi hayo hugeuzwa yakawa tarakimu tupu, ambazo mashine huzifuata lakini binadamu hazimwelei. Aliyepewa tarakimu peke yake aweza kukitumia chombo, lakini hawezi kujua kinafanya nini wala kukitengeneza kinapoharibika. Aliyepewa na maandishi ya asili aweza kufanya yote mawili, au kumwita fundi amfanyie.

Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza nia ya kuandika programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Ili uhuru huo usije ukanyakuliwa njiani, ilitolewa mwaka 1989 leseni iitwayo GPL, na mwaka 1991 likafuata toleo lake la pili. Leseni hiyo ni karimu mno. Yamruhusu kila mtu kuitumia programu, kuinakili, kuibadili na hata kuiuza, wala hapana senti anayodaiwa. Lakini ina sharti: mwenye kumpa mwenziwe programu ile ampe pamoja na maandishi yake ya asili, au ampe ahadi ya maandishi, yenye kudumu muda usiopungua miaka 3, kwamba yeyote atakayeyataka atapelekewa kwa gharama ya kunakili na kupeleka tu. Na sharti halikuishia hapo. Zatakiwa pia zile amri zinazotumika kuyageuza maandishi kuwa programu na kuiweka ndani ya chombo, kwani maandishi yasiyoweza kutumika hayamfai mtu.

Mwaka huo huo wa 1991 mwanafunzi mmoja katika mji wa Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika Linux, na mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni hiyo. Maelfu ya watu wameiongezea tangu siku hizo. Wenye viwanda walipoiona wakaipenda, na ilikuwa haki yao kuipenda: iliwaokolea kazi ya miaka mingi, nayo haikuwa na bei. Bei yake ni lile sharti tu, na sharti hilo ndilo wengi katika wao walilolitupa.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuandika hesabu za wafanya biashara, na jambo hili lilinijia kwa njia ya nyumbani. Nilikuwa na ruta niliyoinunua mpya, na kabla haijatimiza miaka 3 mtoto wa ndugu yangu, ambaye ndiye fundi wetu, akanambia, “Ami, kampuni iliyoiunda imeacha kuisahihisha programu yake, na pana tundu ambalo mwizi aweza kuingilia.” Nikamwuliza kama hawezi kuliziba yeye. Akanijibu, “Lau ningekuwa na maandishi yake ya asili ningejaribu. Hivi hivi ni kupapasa gizani.”

Basi nikakitafuta kile kijitabu kilichokuja na chombo, kwani ada yangu ni kutotupa karatasi. Katika ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo mno, palikuwa na ahadi ile ile: yeyote atakayeyataka maandishi atapelekewa, kwa muda wa miaka 3. Nikaandika barua. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nilijibiwa kwamba nikizime chombo kisha nikiwashe. Ya tatu nilijibiwa kwa adabu kwamba wao hawanayo maandishi hayo, huenda yako kwa aliyewatengenezea.

Jirani yangu, mzee wa busara, akaniambia, “Bwana, mwenye nguvu mpishe. Utashindana na kampuni iliyo ng’ambo kwa ajili ya kisanduku?” Sikushindana na mtu; lakini nilitaka kujua wengine waliodai deni hili walidai vipi, na walipata nini. Niliyoyakuta yanastahili kusimuliwa.

Kisa kilicho mashuhuri kuliko vyote ni cha ruta iitwayo WRT54G, ya kampuni ya Linksys, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2002. Mwaka 2003, wakati Linksys ilipokuwa ikinunuliwa na kampuni kubwa ya Cisco, watu walichungulia ndani ya chombo hicho wakaikuta Linux, na maandishi yake hayakutolewa. Wakadai hadharani. Hapo ikadhihirika kwamba jina lililo juu ya kisanduku silo la aliyeiandika programu. Linksys waliinunua kwa Broadcom, wenye kuunda kile kijiwe cha ndani kinachofanya kazi yote. Nayo kazi ya kuiandika ilikuwa imepita mikononi mwa kampuni nyingine ya Taiwan. Msomaji ataona kwamba jibu nililopewa mimi katika barua ya tatu halikuwa lazima uwongo. Muuzaji hakupewa, naye hakuuliza. Lakini asiyeuliza anapopokea mali hawezi kujitetea kwa kutojua anapoiuza. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi waandishi wa hesabu twalijua hilo kuliko wengine.

Mwaka ule ule wa 2003 maandishi yalitolewa. Na tazameni matunda yake! Kutokana na maandishi hayo palizuka mwaka 2004 kazi iitwayo OpenWrt, ambayo kwayo mafundi wa kila nchi huvitia uhai mpya visanduku vilivyoachwa na waliovitengeneza. Kazi hiyo ingaliko hata leo, na mwaka 2024 waliweza hata kutoa ruta yao wenyewe. Linksys nao hawakupata hasara: chombo kile kilipendwa kwa sababu kilifunguka, na mwaka 2005 walitoa namna yake nyingine makusudi kwa wapendao kuibadili programu. Hata hivyo ulegevu ulirudi katika vyombo vingine. Mwishoni mwa mwaka 2008 jumuiya ya Free Software Foundation ikaishitaki Cisco, na mwaka 2009 wakasuluhishana: kampuni ikakubali kumweka mtu maalumu wa kuangalia sharti hili litimizwe katika mali za Linksys, na ikatoa mchango kwa jumuiya.

Katika Ujerumani alisimama Harald Welte, mmoja wa waandishi wa Linux. Mwaka 2004 mahakama ya München ilikubali ombi lake na kuizuia kampuni ya Sitecom isiendelee kuigawa programu yake pasipo kutimiza sharti. Waliokuwa wakisema kwamba leseni hii ni karatasi tu isiyo na nguvu ya sheria walinyamaza siku ile. Marekani daawa ya kwanza ya namna hii ililetwa mwaka 2007, kwa ajili ya programu ndogo iitwayo BusyBox, nayo ilimalizika kwa sulhu kabla ya miezi mingi kupita. Mwaka 2009 yakashitakiwa kwa pamoja makampuni 14. Na moja katika hayo, lililouza televisheni wala halikujitetea, mwaka 2010 liliamriwa kulipa dola 90,000, mbali na gharama za mawakili, na kuzitoa televisheni zilizobaki.

Huenda msomaji akafikiri kwamba hapa pana mlango wa utajiri. Yuko aliyefikiri hivyo. Katika Ujerumani mwandishi mmoja wa Linux aliyageuza madai kuwa biashara: akiyaandama makampuni, akiyatia saini mikataba yenye adhabu, kisha akiyarudia kutaka fedha kwa kila kosa jipya. Ni wenziwe wenyewe waliomkataa. Mwaka 2016 walimsimamisha asiwe katika kundi lao. Nao walikuwa na hoja. Mwenye kiwanda akimwona mdai kuwa ni mnyang’anyi, hatatimiza sharti. Ataitupa programu huria na kununua nyingine iliyofungwa, na wanunuzi wote watapoteza. Kwa ajili hiyo mwaka 2015 Free Software Foundation na jumuiya ya Software Freedom Conservancy zilitangaza kanuni za kudai: lengo liwe kutimizwa kwa sharti, fedha zisitangulizwe, na mahakama iwe njia ya mwisho. Toleo la tatu la leseni yenyewe, la mwaka 2007, lampa mkosaji wa mara ya kwanza siku 30 baada ya kujulishwa ajirekebishe, na haki yake humrudia. Mwaka 2017 waandishi wengi wa Linux waliahidi kuwapa wakosaji muhula kama huo.

Lakini lililonigusa zaidi ni swali la nani mwenye haki ya kudai. Kwa miaka mingi walioshitaki ni waandishi wa programu, kwa kuwa hakimiliki ni yao. Mwaka 2021 Software Freedom Conservancy ilikwenda katika mahakama ya California kuishitaki kampuni ya Vizio, yenye kuuza televisheni, si kwa hoja ya uandishi bali ya ununuzi: tulinunua televisheni, nayo leseni yatuahidi maandishi, basi tupeni. Hawakudai fedha, walidai maandishi. Kampuni iliomba daawa itupwe kabla ya kusikilizwa, na mwaka 2023 hakimu alikataa. Hoja hiyo ni ya haki kabisa mbele ya macho yangu. Sharti lile halikuwekwa ili mwandishi ajivune. Liliwekwa kwa ajili ya yule wa mwisho apokeaye chombo, naye ni mwenye nyumba. Ahadi aliyoahidiwa mtu, ni ajabu akiambiwa kwamba hawezi kuidai yeye.

Baada ya kusoma hayo niliandika barua ya nne. Nilitaja namba ya chombo, siku niliyokinunua, na ukurasa wa kijitabu wenye ahadi. Nikaomba maandishi pamoja na amri za kuyageuza. Nikasema sitaki fedha wala sitaki ugomvi. Baada ya majuma 7 maandishi yalikuja. Mtoto wa ndugu yangu alikaa nayo usiku mbili, akaona hayakutimia, kwani zile amri za kuigeuza na kuiweka hazimo. Tumewaandikia tena, na safari hii tumeorodhesha kila kilichopungua. Jibu bado twalingoja.

Nawashauri basi wenye nyumba mambo machache. Vijitabu vinavyokuja na vyombo visifungiwe vitafunio. Visomwe ukurasa wa mwisho, viwekwe. Kabla ya kununua, muuzaji aulizwe: chombo hiki kitasahihishwa kwa muda gani, na maandishi yake yanapatikana wapi? Hata asipojua, atakapoulizwa na wanunuzi kumi atamwuliza aliyemletea, na huyo atamwuliza mwenye kiwanda. Na mwenye kutaka kudai adai kwa barua, kwa adabu, kabla miaka 3 haijapita, wala asidai zaidi ya alichoahidiwa. Vijana wetu wenye elimu hii tusiwaone wanacheza wanapoketi na visanduku vibovu. Huenda mmoja wao, siku atakapopewa anachostahili kupewa, akavifufua vyombo vya mtaa mzima, ambavyo wenye viwanda walitaka tuvitupe tununue vingine.