Kivuli cha Barazani



Nyumba yetu hapa Lamu yaelekea magharibi, na alijuaye jua la alasiri atanielewa. Watoto wanaokuja kusoma barazani walikuwa wakijibanza kwenye kipande kimoja cha ukuta, wakijikinga nyuso kwa viganja. Mwaka juzi nikaazimia kuwawekea kivuli.

Fundi aliniuliza nataka cha namna gani. Makuti yana ubaridi usio na mfano, lakini huoza baada ya miaka michache, na katika mji wenye nyumba zilizobanana hivi cheche moja yatosha. Turubai ni jepesi, ila upepo wa kusi hulipasua lisipofungwa vyema. Mabati nayo ni joto wakati wa jua, kelele wakati wa masika, na kutu kwa ajili ya chumvi ya bahari. Hata hivyo niliyachagua mabati, kwa kuwa nilitaka kitu nitakachokiweka mara moja nikisahau. Fundi akashauri ukingo wa mbele ushushwe, kwani jua la magharibi huingia kwa chini, na kivuli kilichoinuliwa mno hakilizuii. Alisema kweli. Nilisimama chini yake nikanyoosha mkono. Ncha za vidole zikagusa bati. Nikaona yatosha.

Msimu wa kusi uliofuata, jirani yetu wa nyumba ya mkabala, mama mtu mzima, alifariki. Jeneza likatolewa, likapandishwa mabegani, na vijana wa mbele walipofika penye bati langu wakasita. Njia zetu mwazijua upana wake. Hapakuwa na pa kupindia. Wakalishusha mikononi, wakainama, wakapita, kisha wakalipandisha tena. Hapana aliyesema neno. Mimi nilikuwa nyuma yao, na lau ningalitukanwa mbele ya watu ingalikuwa nafuu.

Usiku ule niliifungua Minhaji ya Imam Nawawi, mlango wa sulhu, ambao nimeusomesha miaka mingi. Imo humo mas-ala ya mtu atokezaye kipaa juu ya njia ya watu: ruhusa ipo kwa sharti kisiwadhuru wapitao; kiinuliwe kiasi cha mtu kupita wima, na ikiwa ni njia ya misafara, ngamia apite na machela yake mgongoni. Kila mwaka nilipofika kwa yule ngamia, mnyama ambaye hapa kwetu hatumwoni njiani, wanafunzi walicheka nami nikacheka nao, tukafunua ukurasa.

Baada ya matanga nilikwenda kumtaka radhi mwanawe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, hilo la jeneza limekwisha. Lakini masika yote maji ya bati lako yalikuwa yakimwagikia kizingitini kwa mama. Alikuwa akitandika magunia. Tulipotaka kuja kwako alitukataza, akasema haifai kumsumbua sheikh."

Sikuwa na jibu. Haki ya aliyekwisha kuzikwa, msamaha wake nitauomba kwa nani? Namwombea dua na kumtolea sadaka. Zaidi ya hayo sina.

Mabati yaliondolewa wiki ile ile. Sasa pana turubai la marudufu lililoshonwa kwenye mti mwembamba. Hushushwa kwa kamba baada ya alasiri, chini kabisa jua likishuka, na huinuliwa akipita mtu au punda mwenye mzigo. Mvua ikinyesha au kusi likichachamaa hukunjwa, watoto wakaingia ndani. Ni kazi ya kila siku, na mke wangu hanichoki kunikumbusha kwamba nilitaka kitu cha kusahau. Safari hii nilibisha hodi kwa majirani wote kwanza, na kwa wahusika wa uhifadhi wa mji pia.

Kabla fundi hajapigilia msumari, niliazima jeneza la msikitini, likiwa tupu, nikawaomba vijana wanne warefu wa mtaa walibebe mabegani wapite. Madirisha yakafunguka. Mzee mmoja akatoka mbio, kofia mkononi, akauliza ni nani aliyetutoka. Nikamwambia hapana mtu, twapima kivuli. Akautazama mlango wa mkabala uliofungwa, akavaa kofia yake, akalishika jeneza upande wa nyuma, wakapita mara ya pili.