Chupa Ikinyamaza

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya watoto njiti, hospitali moja ya London. Madaktari walitaka kuwatoa watoto kwenye mashine ya kupumulia mapema iwezekanavyo, maana mashine ile iliokoa maisha huku ikiyaumiza mapafu. Mrija ukishatoka kooni, daktari alivua glavu akaenda zake kunywa chai. Sisi ndio tuliobaki na mtoto.

Njiti wa wiki 28 hana ute wa kutosha wa kuzuia vifuko vya hewa visinywee. Ndiyo sababu huguna akitoa pumzi: anabana koo ili hewa isiishe yote mapafuni. Mwaka 1971 Dokta George Gregory na wenzake wa San Francisco walichapisha njia ya kumfanyia kazi hiyo, kwa kumpa hewa yenye shinikizo lisilokatika huku akipumua mwenyewe. Kwetu vilikuwa vijirija viwili vifupi puani, na ncha ya mpira wa kutolea hewa imezamishwa ndani ya chupa ya maji. Kina cha sentimita 5 ndicho shinikizo lenyewe; ukitaka zaidi, unazamisha zaidi. Sijaona kifaa cha hospitali kisicho na makuu kama kile.

Maji yakitokota, shwari. Yakinyamaza, unakimbilia pua: kijirija kimechomoka, au mtoto kaachama na hewa yote inapotelea mdomoni. Nyingine iliingia tumboni, tumbo likawamba kama ngoma, tukaitoa kwa mpira mwembamba. Tuliwapa aminofilini wasisahau kupumua. Aliyesahau tulimsugua wayo.

Usiku mmoja mvulana asiyefika kilo alisahau mfululizo. Daktari kijana akaja, kifaa cha kurudishia mrija mkononi. Sista mkuu wetu, mama wa Kijamaika, akamwomba asubiri kidogo. Akafyonza makamasi, akaweka vijirija vinene zaidi, akakaza kamba za kofia iliyovishikilia, akakunja kitambaa na kukiweka chini ya mabega. Chupa ikaanza kutokota. Daktari alisimama pale muda mrefu, kisha akakirudisha kifaa kwenye toroli bila kusema neno.

Yule wa kitanda cha pili tulimfanyia yayo hayo. Kabla ya alfajiri alikuwa amerudishwa kwenye mashine.