Askari Mwenye Birika la Kahawa

Uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, una jina la mwanajeshi. Edward O'Hare alikuwa rubani wa jeshi la majini la Marekani, akatunukiwa Nishani ya Heshima mwaka 1942. Ndege ya vita ya aina ya Wildcat, kama aliyoirusha yeye, imewekwa ndani ya jengo la abiria. Wengi huipita mbio wakitafuta lango lao.

Mlangoni mwa ndege ya San Francisco alisimama mhudumu wa makamo aliyetazama mikono ya abiria kabla ya nyuso zao. Nilidhani anakagua mizigo. Kumbe alikuwa anatafuta nani anatetemeka, nani amelewa, na nani ana nguvu za kufungua mlango wa dharura. Ndege kubwa ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa nusu ya milango tu. Wenye kuwatoa ni hawa hawa wagawa soda.

Jirani yangu alikuwa mama mzee wa Kivu, amejifunga kitenge, anakwenda kwa bintiye. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, "Jambo, mwanangu." Tukiwa juu ya Iowa ndege ikaanza kuyumba, naye akajishika kifua.

Mhudumu alifika kabla sijabonyeza kengele. Akachuchumaa kwenye ujia, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mama, macho kwenye saa yake.

"Mwulize, kifua kinauma au ni woga?"

"Ni woga, mwanangu," mama akasema. "Tena tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Ikaja juisi ya machungwa, zikaja biskuti. Mkono hakuuachia mpaka alipomaliza kuhesabu mara ya pili.

Baadaye, nyuma karibu na jiko la ndege, alinieleza kuwa alikuwa tabibu wa jeshi nchini Iraq. "Kazi ni ile ile," alisema. "Sasa nimeongezewa birika."

Iowa, tuliyokuwa tumeiacha nyuma, ndiko alikozaliwa Ellen Church, katika mji mdogo wa Cresco. Alikuwa muuguzi aliyejifunza pia kurusha ndege, lakini urubani wa abiria mwaka 1930 haukuwa na nafasi ya mwanamke. Akaishawishi Boeing Air Transport iweke wauguzi ndani ya ndege ili abiria wasiogope. Tarehe 15 Mei mwaka huo, akiwa mhudumu, aliondoka Oakland, ng'ambo tu ya ghuba ya San Francisco, kwenda Chicago. Ilichukua saa 20, kwa kutua mara 13 njiani. Sisi tulikuwa tunairudia njia hiyo kinyume kwa zaidi kidogo ya saa nne, na bado kuna waliolalamika.

Wale wauguzi wanane wa kwanza walitakiwa wawe hawajaolewa, tena wepesi, wasizidi kilo 52 hivi. Halafu ndio hao waliopewa kukaza viti sakafuni na kusaidia kusukuma ndege bandani! Vita Kuu ya Pili ilipoifikia Marekani, Church aliingia jeshini, akahudumia majeruhi waliosafirishwa kwa ndege kutoka Afrika Kaskazini na Sicily, akafika cheo cha kapteni. Wauguzi wengi walihitajika jeshini, hata mashirika ya ndege yakaacha sharti la uuguzi. Yeye alianzia angani akaenda vitani. Mhudumu wetu alianzia vitani.

San Francisco, kiti cha magurudumu alichoombewa mama hakikuwapo. Katika mashirika mengi ya Marekani, malipo ya mhudumu kwa desturi huhesabiwa tangu mlango unapofungwa hadi unapofunguliwa, ingawa baadhi yameanza kulipia kiasi muda wa kupakia abiria. Mlango wetu ulikuwa wazi kitambo. Wenzake walikuwa wameshavuta masanduku yao na kuondoka.

Alipiga simu. Akapiga tena. Kisha akampa mama mkono, wakaanza kupanda daraja la kushukia taratibu, huku mama akimsimulia kwa Kiswahili habari za wajukuu, naye akiitikia kwa Kiingereza. Nikauliza nibebe mkoba upi.

"Yote," akasema bila kugeuka.