Matenga ya Vitunguu kwenye Lami ya Ruaha

Lami ilipofika kwetu Ruaha Mbuyuni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi wa baiskeli ndio tuliofurahi kuliko wote. Kabla ya hapo njia ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Tangu Ian Smith ajitangazie uhuru kule Rhodesia, Novemba 1965, Zambia haikuweza tena kupata mafuta kupitia huko, ikalazimika kuyapitishia Dar es Salaam, na malori ya mapipa yakawa yanapita kwetu usiku na mchana. Madereva wa Kizungu waliifananisha njia ile na jehanamu. Hata hivyo, jehanamu hiyo ilikuwa na nafuu moja kwa mtu wa baiskeli: lori halikuweza kukimbia. Ulilisikia likihangaika na mashimo, ukashuka, ukasogea majanini, likapita.

Lami ikafukia mashimo, mwendo ukaja. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linamaliza mita 22 kila sekunde. Hesabu hiyo hatukuwa nayo, ila tuliijua kwa miili yetu. Lori lenye trela likikupita karibu, upepo wake kwanza unakusukuma nje. Kisha, magurudumu ya nyuma yanapokufikia, unakuvuta ndani. Mwenye baiskeli tupu anaweza kujikaza. Mwenye matenga mawili ya vitunguu, moja kila upande wa keria, anajikaza na nini?

Jirani yetu mmoja aliondoka hivyo, karibu na daraja. Nilikuwa nyuma yake. Kichwa cha lori kilimkwepa vizuri kabisa; trela ndiyo iliyonasa tenga. Bado naviona vitunguu vikibiringika hadi ng'ambo ya lami, na utingo akiruka chini kabla lori halijasimama, akiita, "Mzee! Mzee!" Mzee hakuinuka.

Vijana walitaka kupanga mawe barabarani usiku uleule. Mwenyekiti wa kijiji akakataa, akawaita madereva waliozoea kula na kulala pale Mbuyuni. Kikao kilianza kwa lawama tupu. Sisi tulisema wana kiburi, wao wakasema tunajitupa mbele ya magari. Hatimaye akasimama dereva mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Tanga. "Ndugu zangu, mnasema nawaona nawapuuza. Njooni mkae ninapokaa mimi."

Alitupandisha wachache kwenye kabini, giza limeshaingia, akamtanguliza kijana na baiskeli isiyo na taa. Tulimwona tukiwa tumemfikia, na tulikuwa tukienda polepole. Baiskeli ya pili ilikuwa na riflekta nyekundu kwenye madigadi ya nyuma. Hiyo iling'aa tangu mbali, kila mtu akaguna. Kisha akatuonyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: dereva wetu hukaa kulia, na baiskeli huenda kushoto. Ikishafika usawa wa mlango wa utingo, inapotea machoni mwake.

Asubuhi ikawa zamu yake. Alishika baiskeli yenye mzigo ukingoni mwa lami, mwenzake akapita na lori kwa mwendo wao wa kawaida. Matenga yalimyumbisha hadi akaweka goti chini. Aliinuka akajipangusa, akasema, "Mimi sitampita mtu hivi tena." Sijapata kusikia hotuba ya usalama barabarani iliyozidi maneno hayo.

Tulipatana mengi siku ile. Kwetu, riflekta kwa kila baiskeli, na kuacha kabisa ule mtindo wa kuendesha upande wa kulia eti ili ulione lori linalokuja. Wengi waliamini ndiyo salama, kumbe mwendo wako unajumlishwa na wa lori, na dereva anabaki na muda mfupi zaidi wa kukukwepa. Kwao, kupiga honi wakiwa bado mbali, maana honi ya ghafla ubavuni inaangusha mtu hata kabla ya upepo. Na gari jingine likija mbele, kubaki nyuma ya baiskeli mpaka njia iwe wazi.

Waliokuwepo walishika ahadi. Tulizijua honi zao, nao walitujua kwa mizigo yetu. Lakini barabara inayokwenda hadi Zambia hupitisha kila siku dereva mgeni ambaye hakukaa kwenye kikao chochote. Kwa huyo, mapatano ya kijiji hayatoshi. Anahitaji barabara yenye bega pana la lami, mahali ambapo baiskeli ina nafasi yake bila kuomba, na alama ya kilomita 50 inayosimamiwa kweli kila palipo na nyumba za watu.

Nawe unayeendesha leo kutoka Mikumi kwenda Iringa, ukimkuta mwenye matenga kabla ya mlima Kitonga, mpe mita moja na nusu. Kama haipo, kaa nyuma yake, usubiri.