Umri wa Oili

Asiyejua injini hudhani kuwa kumimina oili ni kazi ya mtoto, na kufunga plagi ni kazi ya mwanagenzi wa siku ya kwanza. Kwa motokaa mpya dhana hiyo haina madhara makubwa, maana kitabu cha motokaa kimekwisha kumfikiria mwenyewe. Lakini motokaa iliyozeeka imeachwa na kitabu chake. Kitabu kipo, walakini daraja ya oili iliyotajwa ndani yake imekwisha kufutwa, petroli iliyotajwa haiuzwi tena, na kampuni iliyokiandika imefunga milango. Mwenye motokaa ya namna hiyo hana budi kuchagua mwenyewe, na katika kuchagua aweza kuua kwa mkono wake kitu akipendacho.

Mtu mmoja wa Michigan, katika Marekani, alirithi motokaa kama hiyo kwa baba yake. Ilikuwa Pontiac GTO ya mwaka 1965, moja katika jamii ya motokaa ambazo Wamarekani huziita motokaa za misuli. Asili ya jamii hiyo ni hila ndogo ya wahandisi. General Motors ilikuwa na kanuni kwamba motokaa ya umbo la kadiri isitiwe injini ya ujazo unaozidi inchi 330. Wahandisi wa Pontiac, mkuu wao akiwa John DeLorean, walichukua injini ya inchi 389, yaani lita 6.4 hivi, iliyokuwa ya motokaa kubwa, wakaitia katika Tempest LeMans ya mwaka 1964. Na kwa kuwa kanuni ilikataza motokaa lakini haikutaja vifaa vya ziada, waliiuza kama nyongeza ya hiari ya mnunuzi. Waliuza 32,450 mwaka ule wa kwanza, na zaidi ya 75,000 mwaka uliofuata. Mmoja katika wanunuzi wa mwaka huo wa pili alikuwa baba huyo, kijana wakati ule, ambaye alilipa kwa mshahara wa kiwandani. Jina la Pontiac lenyewe lilikomeshwa mwaka 2010.

Baba alipofariki motokaa ilikuwa imelala miaka mingi chini ya turubai, na injini yake ilikuwa imeganda. Mwana aliifungua. Alishinda bandani majira ya baridi yote. Alitia pistoni mpya, beringi mpya, kamshafti mpya na tapeti mpya kumi na sita. Ilipofika siku ya kutia oili alikwenda dukani, akataka ile iliyo bora kupita zote. Akapewa. Ilikuwa ghali, safi kama asali, na juu ya chombo chake palikuwa na alama ya daraja ya karibuni kabisa. Injini iliwaka kwa mara ya pili ya kuzungusha ufunguo. Kwa furaha aliiacha ingurume polepole karibu nusu saa huku akirekebisha kabureta, na majirani wakija kusikiliza sauti ambayo mtaa haukuisikia tangu mzee alipoacha kuendesha.

Siku ya pili palikuwa na sauti nyingine ndani yake, ndogo kama ya saa ya ukutani. Siku ya tatu sauti ilikuwa ya nyundo. Alipoimwaga oili katika beseni ilimetameta kama maji yaliyooshewa samaki. Nundu mbili za kamshafti zilikuwa zimelika hata zimekuwa mviringo, na tapeti zilizokaa juu yake zilikuwa zimechimbika kama visahani. Kazi ya majira ya baridi ilikuwa imekwisha kwa muda usiozidi saa tatu za kuwaka.

Yafaa kueleza jinsi maafa hayo yanavyotokea, kwa sababu hayatokani na uchafu wala uzembe. Katika injini za zama zile kila vali husukumwa na tapeti, na tapeti hukaa juu ya nundu ya kamshafti chuma kwa chuma, pasi na gurudumu kati yao. Uso wa tapeti huonekana bapa, lakini kwa kweli umevimba kidogo sana, na nundu nayo imechongwa mshazari kidogo sana, ili tapeti izunguke kila inaposukumwa na isisuguliwe mahali pamoja. Springi ya vali huikandamiza kwa nguvu nyingi juu ya ncha ya nundu, na hapo mahali penyewe pa kugusana ni pembamba mno, hata oili hukamuliwa ikatoka. Likitoka tabaka la oili, kinachobaki kuokoa chuma ni dawa iliyochanganywa ndani ya oili: mchanganyiko wa zinki, fosforasi na salfa, uliotumika tangu miaka ya 1940. Dawa hii hungoja joto na mkandamizo. Vikija, hujigeuza utando kama wa kioo juu ya chuma, mwembamba kuliko unywele mara mamia, nao hukubali kulika badala ya chuma.

Basi kwa nini dawa njema hivyo ikapunguzwa? Kwa sababu njema pia. Tangu motokaa za mwaka 1975 Marekani ilianza kutia katika bomba la moshi chombo cha kusafisha hewa chafu, na fosforasi inayotoka na moshi hukifunika chombo hicho hata kikashindwa kazi. Tena, kuanzia miaka ya 1980 viwanda viliweka magurudumu madogo chini ya tapeti, na injini mpya hazikuhitaji tena dawa nyingi. Kiasi kikashushwa hatua kwa hatua: daraja ya mwaka 1996 iliweka kikomo cha fosforasi asilimia 0.10, na ile ya mwaka 2004 asilimia 0.08, kwa oili nyepesi. Hapana aliyekusudia kuua motokaa za kale. Wachache hawakuhesabiwa tu, na hesabu ya wengi ilikuwa sahihi.

Palikuwa na mzee jirani, rafiki wa marehemu, aliyekuwa fundi wa mashine katika viwanda vya Detroit maisha yake yote. Aliitwa kuitazama kamshafti. Aliigeuza mkononi muda mrefu, kisha akauliza, "Uliiacha ingurume polepole?"

"Ndiyo, mzee. Karibu nusu saa."

"Basi usiilaumu oili peke yake, mwanangu."

Maneno yake yalikuwa ya haki. Injini inaponguruma polepole pampu husukuma oili kidogo, na kamshafti, ambayo hulishwa zaidi na oili inayorushwa na kranki, hukaa karibu kavu. Tena ni katika mwendo huo wa pole ndipo springi hukandamiza ncha ya nundu kwa nguvu zake zote, maana kasi huipunguzia mzigo. Yawezekana pia kuwa tapeti zenyewe zilikuwa laini, kwani mafundi wengi hulalamikia vyuma vya siku hizi. Yuko mtu aliyetia oili ya kawaida katika injini ya kale iliyokwisha kuzoeana na vyuma vyake, akaendesha miaka asione dhara. Lakini kamshafti mpya haina mazoea. Dakika zake ishirini za kwanza ndizo humwamulia umri wake, na katika dakika hizo upungufu wowote hulipwa.

Kamshafti ya pili ilinunuliwa, na uchaguzi wa oili ukaanza upya, safari hii kwa unyenyekevu. Palikuwa na njia kadhaa. Oili ya injini za dizeli ya uzito wa 15W-40 ilipendwa zamani na wenye motokaa hizi kwa wingi wa dawa yake, ingawa nayo imekuwa ikipunguzwa. Oili nzito ya 20W-50 haibanwi na kikomo kile cha fosforasi, lakini kwa asubuhi za Michigan hujikokota kama uji uliopoa, na beringi mpya zenye nafasi ndogo hazipendi kusubiri. Viko vichupa vya dawa ya kuongeza katika oili yoyote. Navyo vina hatari yake, maana mtiaji hajui atakuwa ametia kiasi gani, na wajuzi huonya kuwa dawa ikizidi mno yaweza kuila chuma ileile iliyotumwa kuilinda. Mwishowe alichagua oili iliyotengenezwa mahususi kwa kuzoeza injini za tapeti bapa, ya uzito wa 10W-30, na kwa siku za baadaye oili ya motokaa za kale yenye dawa kiasi cha sehemu 1,200 hivi katika milioni. Hakutafuta iliyo bora. Alitafuta iliyokuwa ya kawaida mwaka 1965, ambayo leo imekuwa adimu na huuzwa kwa bei ya vitu adimu. Kuhusu kuvuja hakujisumbua: injini za Pontiac za zama zile huzibwa nyuma ya kranki kwa kamba, na ambayo haidondoshi hata tone yafaa itazamwe kama ina oili.

Siku ya kuwasha, nundu zote zilipakwa mafuta mazito ya kuanzia, na pampu ilizungushwa kwa drili hata oili ikafika juu kwenye vali. Mzee alishika bomba la rediata kusikia joto. Injini ilipowaka tu ilipandishwa hata mizunguko 2,000 kwa dakika, ikashikwa hapo, ikipanda na kushuka kidogo, kwa dakika ishirini. Ni kelele ya kutisha kwa mtu aliyekwisha kuzika kamshafti moja. Hapana aliyezungumza. Oili ikamwagwa ikiwa ya moto, na ndani ya beseni hapakuwa na kumetameta.

Kosa la plagi halikuwa na msiba, ila lilikuwa na aibu, kwani lilitokea mbele ya watu. Plagi ina mizani yake ya joto. Pua ya kauri iliyo ndefu huchelewa kupoa, na plagi hiyo huitwa ya moto. Fupi hupoa upesi, nayo huitwa ya baridi. Pua isipofika nyuzi 450 hivi za sentigredi haijisafishi masizi. Ikipita 850 au zaidi huwa kaa, huwasha petroli kabla ya cheche na kutoboa pistoni. Mwenye motokaa alijua kuwa atakwenda polepole siku nyingi, akataka plagi ya moto kidogo kuliko ya kiwandani. Katika plagi za AC, zilizofungwa kiwandani, namba ikiongezeka joto huongezeka: 46 ni ya moto kuliko 45. Dukani alikuta za NGK ya Japani tu, akapanda namba. Hakujua kuwa kwa NGK hesabu imegeuzwa, na namba kubwa ndiyo ya baridi.

Kila mwezi wa Agosti, tangu mwaka 1995, barabara ya Woodward itokayo Detroit hadi mji wa Pontiac hujaa motokaa za kale zinazotembea kwa mwendo wa maarusi. Humo, katika jua na msongamano, GTO ilianza kukohoa. Silinda moja ilinyamaza, kisha ya pili, na motokaa iliyojengwa kwa nguvu za farasi 335 ikasukumwa kando na watoto wawili na muuza maji. Plagi zilipotolewa zilikuwa nyeusi kama vijiti vya makaa.

Alirudi kwenye namba sahihi. Alishawishiwa kununua za iridiamu, ambazo maisha yake ni marefu. Akazikataa, kwa kuwa mwenye motokaa ya kabureta hutoa plagi kila mara ili azisome, na maisha marefu ni faida ambayo asingeitumia. Alifunga za kawaida, akaacha nafasi ya inchi 0.035, maana pointi na koili za mwaka 1965 hazina nguvu ya kurusha cheche mbali zaidi.

Mwisho wa majira walizitoa zote nane, wakazipanga mezani kwa utaratibu wa silinda. Mzee alizitazama akatikisa kichwa. Pua zilikuwa nyeupe karibu kama chaki. "Petroli ni kidogo," alisema, "injini yaungua. Fungua kabureta, uongeze vitundu." Katika siku zake plagi njema ilikuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, na kwa rangi hiyo alikuwa amepona makosa mengi. Lakini sehemu kubwa ya rangi ile ilikuwa ya risasi iliyotiwa katika petroli, na petroli ya risasi ilikatazwa katika barabara za Marekani tangu mwaka 1996. Mwenye motokaa hakumbishia. Alileta kioo cha kukuzia, akaiinua plagi ya silinda ya kwanza kwenye mwanga, akamwonyesha ndani kabisa, pale kauri inapoingia katika chuma, duara jembamba la masizi, kamili, lisilokatika.

Mzee alichungulia muda mrefu. Alichukua ya pili, kisha ya tatu, hata ya nane, kila moja akiigeuza chini ya kioo. Kisha alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Baba yako," alisema, "nilimfungulia vitundu hivyo mara nyingi." Akaanza kuzirudisha plagi mahali pake moja moja, kwa vidole kwanza, kabla ya kuomba spana.