Timu Yetu Ilikuwa Mtu

Katika Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, ni nadra nikutane na mtu anayeshabikia timu ya NBA. Wengi wanamshabikia mtu. Mwaka 1994 tulikuwa wa Denver kwa sababu Mkongo mwenzetu Dikembe Mutombo alikuwa Denver. Mwaka 1996 akaenda Atlanta, nasi tukahama bila kumuaga yeyote. Baadaye tukawa wa Philadelphia, wa New Jersey, wa New York, mpaka Houston alikostaafu mwaka 2009. Wanaouza mpira wa kikapu kwenye televisheni hawakutuelewa vizuri hata siku moja: wao wanauza timu, sisi tunatafuta jina la nyumbani.

Nilipotoka Bukavu kuja kusoma hapa, Chaussée de Wavre ilikuwa tayari mtaa wetu, angalau kile kipande kinachoanzia Porte de Namur. Ukiteremka unapita saluni za kusuka, duka la samaki wakavu na sombe, duka la vitenge, kibanda cha kupigia simu, halafu saluni tena. Ndani ya Galerie d'Ixelles kulikuwa na mtu aliyekodisha kanda za video: maigizo ya Kinshasa, misa, harusi za watu tusiowajua. Chini ya kaunta, kwa anayejua kuomba, kulikuwa na baske.

Kanda hizo zilitoka Paris. Binamu wa mtu fulani alikuwa na dekoda ya Canal+, chaneli ya kulipia ambako George Eddy alikuwa akitangaza NBA kwa Kifaransa. Binamu alirekodi usiku, asubuhi akamkabidhi kanda abiria wa basi la Brussels. Shida ilikuwa mitambo. Ufaransa ilitumia mfumo wa rangi wa SECAM, Ubelgiji PAL, na deki tulizokuwa nazo zilionyesha kanda ya Kifaransa bila rangi kabisa. Dhahabu ya jezi ya Denver niliijua kwa kusimuliwa.

Kanda ya mchezo wa tano wa mchujo, Denver dhidi ya Seattle, ilipofika, matokeo tulikuwa tumeshayajua. Tarehe 7 Mei 1994, Denver, walioshika nafasi ya nane upande wa Magharibi, waliwatoa vinara wa upande huo, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea katika ligi ile. Katika michezo hiyo mitano Mutombo alizuia mitupo 31. Tuliitazama saluni, mlango umeshafungwa, wateja waliosukwa nusu kichwa wamekataa kwenda nyumbani, mpaka pale mwisho anapolala chali sakafuni, mpira ameuinua kwa mikono miwili, anacheka.

“Rudisha, mama,” mtu akasema.

Mama mwenye saluni akarudisha. Akarudisha tena na tena, na hakuna aliyeuliza ratiba ya mchezo unaofuata. Kwetu mchezo ulikuwa siku kanda ilipofika.

Mmoja wetu alipita hapa hapa Ubelgiji. Didier Ilunga-Mbenga, mzaliwa wa Kinshasa, alikuja kama mkimbizi, na akiwa katika kituo cha wakimbizi akaonwa na Willy Steveniers, mchezaji mkubwa wa zamani wa nchi hii. Akacheza ligi ya Ubelgiji, na mwaka 2004 akajiunga na Dallas. Alipata pete mbili na Lakers, 2009 na 2010. Uwanjani hakupata dakika nyingi, na ndiyo maana kumfuatilia kulihitaji uvumilivu: unakesha mchezo mzima ili umwone akivua fulana ya mazoezi. Wakati huo kanda zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa na saibakafe, na zile tovuti za wizi ambazo picha ilikwama kila mpira ulipokuwa hewani.

Ndipo ikaja League Pass, huduma ya NBA yenyewe ya kutazama kwa intaneti. Ulilipa, ukaona kila mchezo, moja kwa moja au marudio. Kulikuwa pia na kifurushi cha bei nafuu cha timu moja, na hapo ndipo tulipogongana na hesabu za wenye biashara. Utachagua timu gani ukiwa unamfuata Bismack Biyombo? Kijana huyo wa Lubumbashi ameishi NBA kama mpangaji: Charlotte, Toronto, Orlando, Charlotte tena, Phoenix, Memphis, Oklahoma City, San Antonio. Kaka mmoja wa Lubumbashi aliye jirani na saluni alilipia ligi nzima, akasema timu moja ni ya watu wenye makazi ya kudumu.

Saa ndizo hazikubadilika. New York iko nyuma yetu kwa saa sita, California kwa tisa. Mchezo wa jioni wa New York huku ni saa saba na nusu usiku, wa San Francisco ni saa kumi. Kila mwezi Machi Wamarekani husogeza saa zao mapema kuliko Ulaya, kwa hiyo kwa majuma mawili au matatu tunapunguziwa saa moja ya kukesha, na wafanyakazi wa usafi wanaoingia kazini alfajiri wanaijua neema hiyo kuliko mtu yeyote. Usiku wa kuamkia Jumapili, 22 Mei 2016, Biyombo aliponyaka ribaundi 26 Toronto ikiwashinda Cleveland, mchezo ulianza saa nane na nusu. Kaka wa Lubumbashi alitupigia simu mmoja mmoja kutuamsha. Nadhani huo ndio usiku wa mwisho tulioutazama wengi kwenye skrini moja.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na simu yake. Frank Ntilikina, aliyezaliwa Ixelles hii hii mwaka 1998 kwa wazazi wa Rwanda, alipochukuliwa na Knicks mwaka 2017, vijana walimwona kwa vipande vya dakika moja asubuhi ndani ya metro. Toumani Camara wa Portland, mzaliwa wa Brussels, wanamjua vivyo hivyo: kizuizi, wizi wa mpira, basi. Siwalaumu, saa kumi usiku ni saa ya kulala. Sasa Amazon nayo imeingia, kwa mkataba wa miaka 11 ulioanza msimu wa 2025-26, pamoja na Disney na NBC. Kila haki za matangazo zinapohama, kuna mzee anayeniletea simu yake nimtafutie mchezo ulikokwenda.

Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, ndiye aliyeturudisha saluni, na hakukusudia. Waasi wa M23, wanaoungwa mkono na Rwanda, walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, yeye alikuwa nje kwa jeraha la kifundo cha mguu, na sisi simu zetu zilikuwa za kutafuta ndugu. Hakuna aliyetazama baske. Alfajiri ya 11 Mei, Curry, nyota wa timu yake ya Warriors, akiwa ameumia, Kuminga alitoka benchi akafunga pointi 30 dhidi ya Minnesota. Warriors walishindwa 102 kwa 97. Mchana wake saluni ilijaa.

Wiki iliyofuata ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilikuwa Kigali. Kiangazi saa ya Kigali ni saa ya Brussels, na ni saa ya Goma na Bukavu pia. Baada ya miaka yote ile ya kukesha, ukawapo mchezo wa mchana, kwenye programu ya simu. Kijana akaunganisha simu yake na televisheni ya saluni.

“Zima,” akasema mama mwenye saluni. Dada yake yuko Goma.

“Mama, ni Nairobi City Thunder. Ni timu ya Kenya, mara yao ya kwanza kufika huku.”

“Wanacheza wapi?”

Kijana akanyamaza. Mteja mmoja, Mkenya, akasema kwa upole kwamba wale vijana wa Nairobi hawakuchagua uwanja. Mwingine akakumbusha kuhusu Dynamo ya Burundi, waliokataa mwaka 2024 kuvaa jezi yenye tangazo la utalii wa Rwanda na wakaondolewa mashindanoni. Mabishano yakachukua muda mrefu kuliko robo ya kwanza. Mwishowe mama akaamua: Nairobi waachwe wacheze, sauti izimwe, na wakati wa mapumziko kijana aweke pointi 30 za Kuminga, zote, bila kuruka hata moja.